Mjuzi wa Magari Asiye na Gari

Mtaani kwetu Sidoarjo, kisiwani Java, mtu akitaka kununua gari la familia haanzii dukani. Anaanzia kibandani kwangu. Anaagiza sahani ya pecel na kikombe cha kahawa, anakaa kwenye benchi, anamsubiri Pramuji. Mimi nauza wali na mboga za mchuzi wa karanga pale kona tangu mume wangu afariki, na ukweli usemwe, nusu ya wateja wangu hawaletwi na mboga. Wanaletwa na ulimi wa Pramuji. Kwa hiyo siwezi kumsema vibaya sana, ingawa leo nitajitahidi.

Pramuji ni karani wa ofisi ya ardhi. Mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi mpaka likikugusa linakukwaruza. Kazini anapima viwanja vya watu, na akitoka kazini anapima magari ya watu. Ana madaftari ya shule kumi na moja, moja kwa kila mwaka, na kila ukurasa umechorwa mistari kwa rula: gari hili linakunywa mafuta kiasi gani, lile kiyoyozi chake kinafika viti vya nyuma au kinaishia katikati, spea za lile zinapatikana hadi vijijini au mpaka uagize na kusali. Amejaribu kuendesha kila gari lililowahi kuwekwa kwenye maonyesho kuanzia Surabaya hadi Malang. Wauzaji wanamjua kwa jina na wanamkimbia kwa miguu. Yeye mwenyewe huja kibandani kwa pikipiki ambayo kiti chake kimeshonwa na mkewe mara tatu.

Ukitaka kuijua kazi ya mikono yake, mtazame Kuncoro. Kuncoro ni msimamizi wa kiwanda cha mikate, ana mke mmoja na mtoto mmoja. Miaka minne iliyopita alikuja kuuliza gari gani linamfaa.

"Mko wangapi nyumbani?" Pramuji akamuuliza, kalamu mkononi.

"Si unajua? Watatu."

"Watatu leo. Mkienda kwenu Idi je?"

Kuncoro akahesabu vidole. Yeye, mke, mtoto, mama yake, dada yake, shemeji yake, na yule mjomba ambaye hakuna anayempenda lakini hakuna anayethubutu kumwacha. "Saba."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Kuncoro akanunua gari la viti saba. Idi ni wiki moja. Wiki zile nyingine hamsini na moja viti vya nyuma vimekunjwa, na Kuncoro anabebea vizimba vya hua wake kuwapeleka kwenye mashindano ya kuimba. Abiria wa kudumu wa gari la familia la Kuncoro ni hua wanne. Lakini ukimuuliza atakuambia hajutii hata siku moja, kwa sababu Pramuji alimhakikishia kwamba gari hilo bei yake ya kuliuza tena haishuki.

Hapo ndipo ilipo dini ya watu wetu. Sisi ukituuzia jeneza tutauliza kwanza bei ya kuliuza tena. Rangi nyeupe, kwa sababu inauzika haraka. Plastiki ya viti haitolewi, ili viti visichakae. Kuncoro hajaitoa mpaka leo. Joto la hapa unalijua, mkewe akishuka garini unasikia ngozi ya mapaja ikibanduka kwenye ile plastiki.

"Itoe basi, mwenzio anaumia," nilimwambia siku moja.

"Mama Wulan, tunamtunzia mnunuzi wa pili."

"Ni nani huyo?"

"Hatujamjua bado."

"Kwa hiyo mkeo anatoka malengelenge kwa ajili ya mtu msiyemjua."

"Ndiyo akili ya biashara," akasema Pramuji, na wote kibandani wakaitikia kwa vichwa. Nikamwongezea pilipili bila kuambiwa.

Mabishano yao ndiyo redio yangu ya asubuhi. Mwaka huu habari ni magari ya umeme ya Wachina. Haji Rofiq, mwenye duka la saruji, analitaka moja kwa sababu mjukuu wake kamwambia halina kelele. Pramuji akamwekea kikombe pembeni kwa upole kama daktari anayeandaa habari mbaya.

"Haji, mvua ikinyesha hapa maji yanafika wapi?"

"Magotini."

"Umeme na maji vimeanza lini kuishi nyumba moja?"

Haji akafikiri. "Kwangu nina pampu ya umeme kisimani. Ile inaishi na nini, na mchanga?"

Pramuji akafungua daftari akaliandika hilo kwa makini, akapiga mstari chini yake. Simnyimi haki yake, ukimshinda anakuandika.

Sasa utauliza, mtu mwenye elimu yote hiyo, gari lake liko wapi? Hilo ndilo swali ambalo mkewe Ngatmi aliliuliza kwa miaka kumi na moja, na si kwa mzaha.

Ngatmi ni fundi cherehani. Kwao ni Pacitan, kule milimani kusini, ambako barabara imepinda mpaka unauona mgongo wa basi lako mwenyewe. Mama yake, Bibi Saminten, anaishi huko. Pramuji alipomaliza kujenga nyumba yake hapa, wakaenda Pacitan kwa Idi, na mbele ya ukoo mzima shemeji yake mmoja mwenye gari akasema, "Nikirudi nitamchukua Mama nimlete aione nyumba ya binti yake." Kitu kizuri, chepesi, kinatosha kusema ahsante. Pramuji akanyanyuka na shati lake lililokazwa na pasi.

"Hapana, shemeji. Mama hataingia nyumbani kwangu kwa gari la mtu mwingine. Nitakuja kumchukua mwenyewe, kwa gari langu."

Wakaitikia amina, na Bibi Saminten akainamisha kichwa kwa heshima. Wakati huo alikuwa na miaka sabini na mitatu na anapanda ngazi za shamba akiwa na kuni kichwani. Ngatmi akarudi akaandaa chumba cha nyuma, kitanda kifupi, shuka la maua, dirisha linalotazama mti wa matunda ya jambu.

Mwaka wa kwanza Pramuji alisema tusubiri Agosti, toleo jipya linatoka. Lilipotoka, akasema usinunue toleo jipya mwaka wake wa kwanza, waache wengine wagundue ubovu wake. Desemba akasema subiri, mwisho wa mwaka bei hushuka. Bei zilipokuwa zimeshuka, akasema gari la Desemba ukilinunua, Januari linahesabiwa la mwaka jana, na mnunuzi wa pili si mjinga. Baadaye yakaja magari ya nusu mafuta nusu umeme, akaanza upya daftari. Yakaja ya umeme mtupu, akaanza upya tena. Fedha walikuwa nazo, hilo ndilo lililonichoma. Wapo wanaokosa gari kwa sababu hawana kitu. Huyu alilikosa kwa kujua mengi.

Na kila Idi walikwenda Pacitan kwa basi. Bibi Saminten alikuwa akimimina chai na kuuliza mara moja tu:

"Gari bado, mwanangu?"

"Baadaye kidogo, Mama. Kuna toleo jipya linakuja."

"Ah. Haya. Ongeza sukari."

Basi, haulizi tena mpaka Idi nyingine.

Bibi mwenyewe kuja kwa basi hakukuwezekana. Alijaribu mara moja, akatapika kuanzia kona ya tatu, akarudishwa kwa pikipiki. Kuncoro alijitolea gari lake mara mbili. Pramuji akamjibu, "Nimchukue mama mkwe kwa gari linalonuka hua?" Kukodi gari akasema ni kuchoma pesa. Kisha miaka miwili iliyopita yule bibi akapanda kigoda kufikia chungu, kigoda kikateleza, akavunjika nyonga. Ikaunga, lakini mguu wa kulia sasa anauinua kidogo tu, halafu anapumzika. Mwaka huu alikuwa ametimiza miaka themanini na minne, na chumba cha nyuma kilikuwa kimeanza kuwekwa mabaki ya vitambaa.

Mwaka huu, baada ya Idi, Ngatmi alinijia kibandani mapema kabla wanaume hawajafika. Akatoa mfukoni uzi mwekundu wenye fundo moja.

"Dada, unaona hili fundo?"

"Naliona. La nini?"

"Nilimsimamisha Mama kizingitini nikamwambia ainue mguu. Kila alipofika mwisho nikapima. Mara tano. Hapa ndipo mguu wa mama yangu unapofika." Akaushika uzi kwa juu, ukaning'inia mpaka chini. Kutoka ardhini hadi lile fundo hapakuwa na kimo cha ndoo. "Miaka kumi na moja mume wangu anapima magari. Hajawahi kumpima abiria."

Akaniomba twende wote Jumapili kwenye maonyesho ya magari. Alisema anahitaji shahidi. Nikafunga kibanda, jambo ambalo sikulifanya hata nilipougua homa ya dengi.

Tulikuwa watatu. Pramuji mbele na daftari la kumi na moja, mwenye furaha, kwa sababu mkewe hajawahi kumfuata huko na alidhani hatimaye amepata mwanafunzi. Magari yalikuwa yamepangwa ghorofa ya chini ya jumba la maduka, yanang'aa. Binti muuzaji akatupokea kwa tabasamu.

"Hili ndilo linalopendwa na familia, Mama. Viti saba, kamera nne, skrini kubwa, ukilisemesha linakuitikia."

"Hata mume wangu ananiitikia," Ngatmi akasema. "Fungua mlango."

Akapiga magoti pale kwenye vigae, amevaa gauni lake la kuendea harusi za watu, akasimamisha uzi mlangoni. Fundo likaishia chini ya sakafu ya gari kwa kiganja kizima.

"Halifai. Lile pale?"

"Ngatmi," Pramuji akanong'ona, "watu wanatutazama."

"Watazame. Si ndiyo maana ya maonyesho?"

Gari la pili, halifai. La tatu lilikuwa refu hata mimi nilishika ukingo wa mlango. Binti akajieleza: "Mama, limeinuliwa makusudi ili mafuriko yasiingie."

"Na mama yangu naye asiingie."

Wale waliokuwa karibu wakacheka. Nilimwona Pramuji akipekua daftari kwa kasi, akitafuta safu ya kimo cha mlango. Haikuwepo. Kulikuwa na safu ya vishikio vya vikombe.

"Tutamwekea kigoda," akasema.

"Kigoda ndicho kilichomvunja."

"Basi tutamnyanyua, mimi na shemeji."

"Mama yangu si gunia la mihogo. Tangu baba afe hajanyanyuliwa na mtu, na hata baba alijaribu mara moja tu."

Tulipima magari kumi na mawili. Yote marefu, yote kwa ushauri wa watu kama Pramuji, kwa sababu ya mafuriko, kwa sababu ya barabara za vijijini, kwa sababu mnunuzi wa pili anapenda gari lililoinuka. Mwisho Pramuji akafunga daftari, macho yakang'aa.

"Nimekumbuka! Oktoba kuna moja linatoka, fupi, la umeme. Tusubiri Oktoba."

Ngatmi akauzungusha uzi kidoleni, akautia mfukoni, hakusema neno. Mwanamke wa kwetu akinyamaza hivyo, ondoa sahani mezani.

Jumanne akachukua akiba yake ya ushonaji, akauza bangili mbili, akamwomba Kuncoro amsindikize kukagua injini. Saa nne za asubuhi gari likasimama mbele ya kibanda changu, Ngatmi kiti cha mbele, Kuncoro akiendesha huku amebana midomo asicheke. Lilikuwa fupi, la viti vitano, la zamani, limepakwa rangi ya fedha upya. Ulipofungua mlango, ukingo wa ndani bado ulikuwa wa buluu, ile buluu ambayo kila mtu hapa anaijua.

Pramuji alikuwa anakunywa kahawa. Akaiweka chini.

"Hii ni nini?"

"Gari," Ngatmi akajibu.

"Hii ni teksi."

"Ilikuwa. Hata wewe ulikuwa kapera."

"Limetembea kilomita ngapi?"

"Sijauliza."

"Hujauliza! Umeuliza nini sasa?"

"Nimeuliza kimo cha mlango. Fundo limepita juu ya sakafu. Mama anaingia."

"Na bei ya kuliuza tena? Ngatmi, teksi iliyostaafu haiuziki! Hakuna mtu Java nzima atakayelinunua!"

"Vizuri. Basi litabaki letu."

Kuncoro hakuweza tena, akainamia usukani akacheka mpaka honi ikalia. "Mwalimu," akamwambia Pramuji akifuta machozi, "ukinipeleka kiwandani utanitoza kwa kilomita au tutapatana?"

Haji Rofiq akalizunguka lile gari kwa heshima. "Angalau dereva hatapotea njia. Linaijua mitaa yote."

Nilimtazama Pramuji usoni, na pamoja na hasira zangu zote nilimhurumia. Miaka kumi na moja mtaa mzima umekula kwa maneno yake, na sasa gari lake la kwanza halimo hata kwenye daftari moja. Na ahadi yake Pacitan ilikuwa imesemwa mbele ya mashemeji wote, neno kwa neno, kwa gari langu. Alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: awafikie mashemeji kwa teksi, au amwache yule bibi afe bila kuiona nyumba.

Akajaribu la tatu. Akasema lazima siku ya safari ihesabiwe, kama walivyofanya wazee. Akahesabu siku yake ya kuzaliwa, akajumlisha na ya mkewe, akatoa siku mbaya za mwezi, akapata kwamba siku njema ya safari ni baada ya siku arobaini na mbili.

"Siku njema ni siku ambayo mama yangu yu hai," Ngatmi akasema. "Akifa kabla ya siku zako arobaini na mbili, mume wangu, nitakwenda kumzika kwa gari hilihili, na wewe utafuata kwa basi."

Pramuji akaliangalia gari, akamwangalia mkewe. Kisha akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Mchana uleule nikapika uji mwekundu na uji mweupe, kama inavyotakiwa gari likiingia nyumbani, tukalimwagia maji ya maua kwenye boneti, Haji akasoma dua fupi. Kuncoro akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ijumaa alfajiri wakaondoka.

Ya huko nilisimuliwa na Ngatmi. Anasema walipoingia Ponorogo mama mmoja mwenye vikapu alilitambua umbo la teksi akanyoosha mkono kuwasimamisha, na Pramuji, aibu zikiwa zimemzidi, akasimama kweli, akampeleka sokoni. Pacitan mashemeji walitoka nje wote. Yule mwenye gari aliizunguka ile teksi, akaiona buluu mlangoni, akasema, "Hongera, shemeji," kwa namna ambayo usiku huo Pramuji hakula. Bibi Saminten yeye hakutazama rangi. Asubuhi alitoka na kanga yake nzuri, Ngatmi akafungua mlango, bibi akaushika ukingo, akainua mguu, mguu ukaingia mara moja. Akakaa. Akalainisha nguo magotini.

"Twende," akasema. Hata wali wa safari haukuwa umefungwa.

Kona zote zile, hakutapika. Walisimama mara mbili, mara moja kwa haja na mara moja kwa sababu alitaka kuona daraja.

Jumapili asubuhi Ngatmi akamleta kibandani, kamshika mkono, hatua ndogondogo. Bibi alitaka kuona mtaa. Nikampa kiti chenye mgongo na wali laini, na kila mtu akaja kumsalimia kwa kuinama. Pramuji alikuwepo, na nikashangaa kumkuta amekwisha kupona. Alikuwa amefungua daftari ukurasa mpya na anamweleza Haji Rofiq, kwa sauti yake ileile ya zamani, kwamba kitaalamu teksi iliyostaafu ndiyo chaguo la mtu mwenye busara.

"Fikiria, Haji. Gari jipya halijajaribiwa na mtu. Hili limejaribiwa na abiria elfu hamsini, na hakuna aliyelalamika."

"Walalamike kwa nani? Walikuwa wanashuka," akasema Kuncoro.

Bibi Saminten alikuwa anasikiliza, kijiko kimesimama. Akaliangalia lile daftari, mistari, namba, mishale ya wino mwekundu. Kusoma hakujua.

"Mwanangu, hayo yote ni nini?"

"Ni magari, Mama. Nilikuwa nayalinganisha."

"Hayo yote?"

"Hili ni la mwaka huu tu," Kuncoro akadakia. "Nyumbani ana mengine kumi, Bibi. Miaka kumi na moja mkweo anatafuta gari la kukuchukua. Mtaa mzima tunajua."

Bibi akamgeukia Pramuji.

"Ni kweli?"

"Kweli, Mama."

"Ulikuwa unatafuta kweli gari?"

"Ndiyo, Mama. Kwani Mama ulidhani nini?"

Akaweka kijiko. Hakuwa na uchungu usoni, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mimi nilidhani hunitaki nyumbani kwako."

Kuncoro akaweka kikombe chini.

"Kwetu nani anamwambia mtu hapana?" akaendelea taratibu, kama anayeomba radhi. "Mtu anakuambia baadaye. Mwaka wa kwanza unasubiri. Mwaka wa pili unaelewa. Mimi nilielewa, mwanangu, sikukasirika. Mama mkwe ni mzigo, nami nilikuwa na wangu, najua. Nilikuuliza mara moja tu kila Idi, kwa adabu, usidhani nimenuna. Kisha nikawa naomba usiku gari lisipatikane. Nikasema likipatikana atakosa kisingizio, itabidi anikatae mbele za watu, ataona aibu. Sikutaka uone aibu."

Ngatmi akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Nami nilisimama na upawa mkononi, nikawakumbuka watu wangu ambao nimewahi kuwaambia baadaye, nikanawa mikono bure bila sababu. Sijawahi kuona haya kama siku ile, na gari wala si langu.

Pramuji alifungua kinywa. Huyu ndiye mtu mwenye jibu la kila swali, la betri, la gia, la mafuriko, la mnunuzi wa pili. Alisema, "Lakini Mama," akaishia hapo. Machozi yakamtoka pale kwenye benchi, mbele ya wanaume wote, yakadondokea shati lake lililonyooka.

Bibi Saminten akauvuta mkono wake, akaupigapiga taratibu kama unavyomtuliza mtoto.

"Usilie, mwanangu," akamwambia, na uso wake wote ulikuwa umechangamka. "Kumbe kweli lilikuwa gari tu."